Tulimwita Daktari Kabla Afundishwe Kutupima

Wasee, hebu tuanze na swali rahisi. Huku Eastlands, yule mtu anayesimama nyuma ya grili pale kwa kemisti unamwitaje? Iwe ni Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi ama Jericho, jibu ni moja: daktari. "Daktari, nipe ya kichwa." "Daktari, mtoto anaharisha." "Daktari, niko na mia pekee, nikatie dozi ya mia." Sijawahi sikia mtu akisema "mfamasia, habari ya jioni."

Tunacheka tukisema hivyo lakini hiyo si utani. Kwa watu wengi wa mtaa, huyo ndiye mtu wa afya wa kwanza wanaomwona, na mara nyingi ndiye wa mwisho. Sasa angalia anachofanya. Anakuuliza maswali mawili, anageuka kwa rafu, anakuandikia 1x3 kwa kabahasha, unalipa, unatoka. Hajagusa mkono wako wala kukupima presha. Hajahesabu pumzi ya mtoto. Si kwa sababu ni mtu mbaya. Ni kwa sababu historia ilimpa ufunguo wa kabati la dawa, ikamwambia mwili wa mgonjwa haumhusu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na hata sikuwa nasomea mambo ya dawa, kwa hivyo sikuandikii kama mtaalamu. Nimefuatilia tu hii stori ilitoka wapi. Na kwa vile sheria yetu ya dawa ililetwa na Mwingereza, lazima tuanzie kwake.

Mwaka wa 1665 London ilipigwa na tauni. Madaktari wengi walihama mji pamoja na wateja wao matajiri. Wauza dawa wengi walibaki, na ndio maskini waliwakimbilia. Kisheria muuza dawa alikuwa wa kuchanganya dawa tu, akishaagizwa na daktari. Lakini utaagizwa na nani kama daktari amehama?

Karibu miaka 40 baadaye muuza dawa mmoja, William Rose, alishtakiwa na Royal College of Physicians kwa sababu alimtibu mchinja nyama anayeitwa John Seale bila kupitia kwa daktari. Kesi ikafika House of Lords, bunge la juu la Uingereza, na mwaka wa 1704 Rose akashinda. Hoja iliyombeba inafaa kukustua: mtu maskini akiugua, hasa usiku, hana pesa ya kumlipa daktari na muuza dawa juu yake. Akiambiwa angoje daktari, atakufa akingoja.

Lakini shika hapa vizuri kwa sababu tutarudi. Rose na wenzake waliruhusiwa kutoa ushauri, ila kwa muda mrefu hawakuruhusiwa kulipisha huo ushauri. Walilipwa kwa dawa peke yake. Wewe ukilipwa kwa chupa pekee, utampa mgonjwa nini? Chupa. Nyingi. Huyo Seale mwenyewe alilalamika kwamba alipewa bili nzito na hakupona.

Mwaka wa 1815 Uingereza ilipitisha sheria ya kuwafundisha na kuwapa leseni wale wauza dawa. Polepole wakageuka kuwa daktari wa kawaida wa mtaa. Nyuma ya kaunta ikabaki jamii mpya ya wauza dawa, na hao sheria ya mwaka wa 1868 iliwapa kazi ya kusimamia uuzaji wa sumu. Hapo ndipo ukuta ulijengwa: daktari achukue mwili, mfamasia achukue sumu.

Na sisi tuliletewa huo ukuta ukiwa tayari umekauka. Sheria yetu inaitwa Pharmacy and Poisons Act, Sura ya 244, na ilianza kutumika mwaka wa 1957, miaka sita kabla ya Uhuru. Jina lake linafanana na la sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1933 neno kwa neno. Hata bodi inayotoa leseni za kemisti mpaka leo inaitwa Pharmacy and Poisons Board. Imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, lakini moyo wake ni ule ule: nani aruhusiwe kushika dawa, wapi, na kwa leseni gani. Ni sheria ya kulinda kabati. Enyewe tunaihitaji, kwa sababu dawa feki ziko. Lakini haikuandikwa ikimfikiria mama wa Kayole saa tatu usiku na mtoto anayepumua haraka.

Wakati huo Eastlands ilikuwa inajengwa kama bweni. Nairobi ya mkoloni iligawanywa kwa rangi, Mwafrika akasukumwa mashariki karibu na reli na viwanda. Pumwani ikaja miaka ya 1920, Kaloleni miaka ya 1940. Nyumba nyingi zilipangwa kana kwamba anayekaa humo ni mwanaume mmoja, mfanyakazi, atakayerudi ocha akizeeka ama akiugua. Ni kweli Pumwani ilipata hospitali ya kina mama kuzalia mwaka wa 1926, na watu wengi wa Eastlands wamezaliwa pale. Lakini ukiangalia ramani, hospitali kuu, hii tunaiita Kenyatta leo, iko upande mwingine wa mji.

Baada ya Uhuru mambo yalianza vizuri. Mwaka wa 1965 serikali iliondoa ada ya matibabu kwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka wa 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha wafamasia, mwaka mmoja kabla Benki ya Dunia ikubali kufadhili mradi wa ploti za Dandora. Kwa hivyo mfamasia wa Kenya na Dandora ni kama wa rika moja. Wote walizaliwa na matumaini.

Kisha mji ukalipuka. Mwaka wa 1969 Nairobi ilikuwa na watu kama nusu milioni. Kufika 1989 ilikuwa imepita milioni 1.3. Na huo mwaka wa 1989, mwezi wa Desemba, wakati wakopeshaji wa nje walikuwa wanabana serikali, wagonjwa wakaanza kulipishwa tena kwa hospitali za umma. Jina tamu lilikuwa "kugawana gharama."

Nini kilitokea? Kuna watafiti waliohesabu kwa kliniki moja ya magonjwa ya zinaa hapa Nairobi, na matokeo yakachapishwa kwa jarida la Lancet mwaka wa 1992. Kwa ile miezi ya ada, idadi ya wanaume waliokuja kwa mwezi ilishuka hadi asilimia 40 ya walivyokuwa mbeleni. Wanawake wakashuka hadi asilimia 65. Ada zilisimamishwa mwaka wa 1990 kisha zikarudishwa baadaye pole pole.

Hebu fikiria hiyo. Wale wanaume hawakupona kimuujiza. Ugonjwa ulibaki nao. Mtu ambaye hataki kulipa kadi, kupiga foleni tangu asubuhi na kukosa kazi ya siku anaenda pale ambapo hakuna kadi wala foleni. Anaenda kwa kemisti. Hakuna waziri aliyewahi kutangaza kwamba kemisti ndiyo kliniki ya Eastlands. Ilitokea tu, shilingi kwa shilingi. Madaktari walipogoma siku 100 kuanzia Desemba 2016 mpaka Machi 2017, kemisti ya mtaa ilikuwa wazi. Na walipogoma tena 2024, ilikuwa wazi vile vile.

Sasa gharama yake iko wapi? Kwa ploti yetu kulikuwa na mzee wa ghorofa ya tatu, fundi wa viatu, mtu wa kuamka saa kumi na moja. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa ananunua dawa ya kichwa. Kila wiki, kemisti ile ile, sitaitaja. Walimjua kwa jina, na wakati mwingine walimkopesha. Hakuna siku walimfunga mkono wakampima presha. Siku aliyoanguka bafuni akiwa amepooza upande mmoja ndiyo siku ya kwanza presha yake ilipimwa, kwa hospitali. Sasa hivi yuko ocha na hashiki sindano ya viatu tena. Dawa ya kichwa aliyouziwa haikuwa feki. Ilikuwa jibu sahihi la swali ambalo si lake.

Na yeye si peke yake. Utafiti wa kitaifa wa STEPwise wa mwaka wa 2015 uliona kwamba karibu robo ya watu wazima Kenya walikuwa na presha ya juu. Kisha ikasema kitu kibaya zaidi: asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani. Sukari? Karibu 88 kati ya 100 hawajawahi kupimwa. Hapa kwetu, watafiti wa APHRC walipima watu wazima Korogocho na Viwandani. Kati ya waliopatikana na presha, ni kama mmoja tu kati ya watano alikuwa anajua anayo.

Hao wanne wengine hawakuwa wamejificha msituni. Wanapita nje ya kemisti kila siku wakienda stage.

Kuwafundisha wafamasia kupima mwili si kuwageuza madaktari wa upasuaji. Hakuna mtu anataka apasuliwe Tena Estate nyuma ya duka. Ni vitu vichache ambavyo mkono, jicho na saa vinaweza kufanya.

Presha kwanza. Mtu aketi dakika tano, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiongee, apimwe zaidi ya mara moja. Ikiwa 140 juu ya 90 ama zaidi na inarudi hivyo siku nyingine, hiyo si stori ya kununua panadol. Ya pili ni pumzi ya mtoto. Unahesabu dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akivuta pumzi mara 40 ama zaidi, au wa miezi 2 hadi 11 mara 50 ama zaidi, hapo nimonia inanukia. Ukiona kifua kinazama chini ya mbavu akivuta hewa, hiyo ni ya kukimbia hospitali. Kisha kuna kuangalia viganja na ndani ya kope kama damu imepungua, kufinya ngozi ya tumbo uone kama mtoto amekauka maji, na kuvua viatu vya mtu wa sukari uone kama ana kidonda ambacho hakisikii.

Hizi si siri za ndani. Nyingi ziko kwa mwongozo wa WHO na UNICEF wa kutibu watoto, ambao wauguzi na maafisa wa kliniki wetu wanafundishwa. Na kubwa kuliko zote ni kujua wapi uwezo wako unaishia, kisha kuandika barua: "Huyu nimempima hivi, nimeona hivi, tafadhali mwone leo." Mtu akifika Mama Lucy na hiyo barua, ameokoa nusu ya safari.

Kuna watakaosema kazi ya kupima ni ya daktari, kila mtu akae laini yake. Lakini Kenya ilishavunja hiyo laini kitambo. Maafisa wa kliniki si madaktari, wana diploma, na ndio wanaokupima ukienda zahanati nyingi za nchi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walipata sheria yao na baraza lao. Waliaminiwa kwa sababu walifundishwa, wakaandikishwa na wakawekewa mipaka.

Mwaka wa 2023 tuliivunja tena. Serikali ilizindua vifaa vya wahudumu wa afya wa jamii 100,000, na ndani ya ule mkoba kuna mashine ya presha na ya sukari. Napenda hiyo, kweli. Lakini angalia kichekesho: jirani yako aliyepewa mafunzo mafupi anaruhusiwa kukupima presha sebuleni, na tunamtarajia. Aliyesoma famasia miaka mitano chuoni, akafanya mwaka wa mazoezi, ama mwenye diploma ya miaka mitatu ya KMTC, hatumtarajii afanye chochote ila kuhesabu tembe.

Hata kwa kemisti zenyewe tumeshaonja. Kuanzia 2020, huko Thika na Kisumu, watafiti walifundisha wahudumu wa kemisti kadhaa kutoa PrEP, dawa ya kujikinga na HIV. Walipewa orodha ya maswali ya kufuata na vipimo vya HIV, na daktari wa kumpigia simu wakikwama. Watu walikuja, na dawa zikatolewa pale pale. Mafunzo, orodha, mpaka, na simu ya mkubwa. Hiyo ndiyo ramani. Weka presha na pumzi ya mtoto mahali pa PrEP.

Sasa turudi kwa Rose, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaounga mkono hii kitu wanalala. Wanasema tufundishe, tufundishe. Sawa, umemfundisha. Kesho mama anaingia, mtoto ana homa na mafua. Mfamasia anatumia dakika kumi kumpima, anaona ni mafua ya kawaida, hakuna haja ya antibayotiki, mpe maji na urudi akibadilika. Mama anashukuru na kuondoka. Duka limeingiza ngapi? Sufuri. Kemisti ya pili hapo mbele haijapima kitu, imeuza chupa ya amoksilini na ya kikohozi. Imeingiza mia nne. Mwisho wa mwezi nani atalipa kodi ya duka?

Kwa hivyo ukimfundisha mtu kupima na bado ukamlipa kwa chupa pekee, atapima ili auze. Itakuwa London ya 1704, ila na stima. Kila presha itapata tembe, kila kikohozi kitapata antibayotiki, na wadudu watazidi kuzizoea dawa zetu.

Jicho lazima lilipwe peke yake. Hata Waingereza wenyewe wamefika hapo, baada ya miaka mia tatu. Tangu Oktoba 2021 kemisti za England hupima presha ya watu wa miaka 40 kwenda juu, na serikali ndiyo inalipa. Tangu Januari 2024 kuna mpango unaoitwa Pharmacy First, ambapo mfamasia anatibu magonjwa saba madogo, pamoja na maambukizi ya sikio kwa watoto. Wamefundishwa kutumia otoskopu, kile kifaa chenye taa cha kuchungulia sikio. Mpango ulipoanza, mfamasia alilipwa pauni 15 kwa mashauriano yenyewe. Akimaliza kukuchunguza na kuona huhitaji dawa, bado amelipwa. Wale waliotuuzia ukuta wameanza kuubomoa kwao, na sisi bado tunaupaka rangi.

Hapa kwetu tumeanza kukatwa pesa za SHA tangu Oktoba 2024. Sisemi SHA imenyooka, kila mtu ana stori yake. Lakini kama kuna pesa inatolewa ya huduma ya msingi, sehemu ndogo ilipie kupimwa kwa kemisti iliyosajiliwa. Malipo kidogo kwa presha moja iliyopimwa na kuandikwa ni bei rahisi ukilinganisha na mzee mmoja aliyepooza na familia iliyouza shamba kumlaza.

Na nakubali kuna hofu mbili za ukweli. Moja, kemisti nyingi mtaani hazina mfamasia wala mwenye diploma kaunta. Kuna mtu tu, ameajiriwa, amejifunza majina kwa rafu. Hiyo si sababu ya kukataa mafunzo, ni sababu ya kuyafunga kwa leseni: hujafundishwa, hupimi, na cheti kiwe ukutani kionekane. Pili, nafasi. Duka ni futi nane kwa kumi, wateja wanapumuliana kisogoni. Huwezi kumwambia mtu avue kiatu hapo. Lakini kiti kimoja na pazia havihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Mpaka sheria ifike, sisi tuna kitu kimoja tunaweza kufanya: kuuliza. Ukimnunulia mathe dawa ya kichwa kwa mara ya tatu mwezi huu, uliza kama wana mashine ya presha, na lipa hiyo shilingi kidogo apimwe. Uliza jina la aliyekuhudumia na kama amesajiliwa. Mtoto akikohoa, mwambie ahesabu pumzi kabla ageuke kwa rafu. Akikuangalia vibaya, nenda ya pili. Tangu 1989 sisi wateja ndio tulioigeuza kemisti kuwa kliniki, kwa miguu yetu. Kazi imebaki ni kuidai ifanye kazi ya jina tuliloipa.